Ubashiri wa saratani: Tukikosa neno, nambari ya maabara hugeuka hukumu

JUMAPILI moja jioni mwaka jana nilipigiwa simu na kijana niliyemfundisha Kiswahili katika shule ya upili, miaka ile kabla sijahamia chuo kikuu. Ni mwana wa jirani yangu kule nyumbani Trans Nzoia. Kwa kawaida tukizungumza huanza na mvua, tukaja kwenye mahindi, tukaulizana watoto, ndipo tukaingia katika lililomfanya apige. Siku hiyo hakuwa na subira.

"Mwalimu, karatasi ya mzee imetoka. Imeandikwa asilimia kumi na tano. Sasa ndio kusema mzee amebakisha asilimia kumi na tano tu ya kupona?"

"Tulia kijana wangu," nikamwambia. "Ipige picha unitumie."

Ilipofika niliisoma mara tatu. Mzee alikuwa amepasuliwa wiki kadhaa awali baada ya utumbo wake kuziba, na kipande kilichokatwa kikapelekwa maabara. Ripoti, yote kwa Kiingereza cha madaktari, ilisema kwamba kilichopatikana ni uvimbe wa nyuroendokrini wa utumbo mwembamba, daraja la pili. Chini kabisa paliandikwa: Ki-67, 15%. Aliyewakabidhi karatasi hiyo alikuwa na foleni ndefu nyuma yao, nao wakaondoka nayo kama ilivyo.

Nyumbani wakaketi kikao. Kaka mkubwa akauliza swali ambalo, kwa alivyoielewa ile nambari, lilikuwa la haki: familia iuze ng'ombe wawili na kukodisha ekari ya mto kwa sababu ya asilimia 15? Dada yao akalia. Mzee mwenyewe, aliyekuwa akisikiliza kutoka chumba cha pili, akatoka na kusema asisumbuliwe tena. Kesho yake alfajiri akamwita mjukuu akaanza kumwonyesha mipaka ya shamba. Wanaojua desturi za kwetu wanaelewa mzee anapofanya hivyo amekata shauri gani.

Mimi ni mtu wa isimu, si daktari. Basi nikampigia rafiki yangu anayefundisha patholojia, nikamsomea karatasi nzima. Akaguna. "Hiyo asilimia," akasema, "haimhusu mzee. Inahusu seli." Kisha akanieleza kwa muda wa nusu saa, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za jeni za kujigawa kwa seli kuliko inavyostahili mtu wa taaluma yangu. Makala haya ni matokeo ya usomaji huo, na ya aibu niliyoipata kwamba sisi wataalamu wa Kiswahili hatujawapa madaktari wetu neno la kutumia katika saa kama ile.

Tuanze na sarufi, maana ndipo kosa lilipoanzia. Asilimia ni nomino isiyojitosheleza. Hudai kijalizo: asilimia 15 ya nini? Karatasi ikinyamaza, msomaji hujaza pengo kwa kile anachokihofia. Familia ile ilijaza "ya kupona". Kijalizo sahihi kilikuwa "ya seli za uvimbe zilizokuwa katika shughuli ya kujigawa siku kipande kilipokatwa".

Natumia "kujigawa" kwa makusudi. Vitabu vyetu vya shule husema "mgawanyiko wa seli", na wanafunzi hukariri hivyo. Lakini "gawanyika" ni kauli ya kutendeka. Chama cha kisiasa hugawanyika, urithi hugawanyika, na katika hali hizo kila upande hubaki na kidogo kuliko kilichokuwapo. Seli haifanyi hivyo. Kwanza hukua, kisha hunakili urithi wake wote, yaani kromosomu zote 46 kwa seli ya binadamu, halafu hukagua nakala, huzipanga mstari mmoja katikati, na hatimaye huzivuta pande mbili ili kila binti apate seti kamili. Hapa kuna mtendaji, tena anajitenda mwenyewe. Kirejeshi -ji- kinamfaa zaidi. Sisemi tuvunje kamusi. Nasema tu kwamba ukishaelewa kuwa seli hujigawa kwa mpango na kwa amri, unaelewa pia kwamba amri hizo zinaweza kuharibika.

Amri hizo ndizo jeni tunazozizungumzia, na hapa nina habari ambayo iliniondoa usingizi kwa furaha. Mojawapo ya jeni mashuhuri zaidi kati yake ilipatikana ndani ya pombe. Simaanishi fumbo. Mwaka 1893 mwanasayansi Mjerumani, Paul Lindner, aliichunguza pombe ya kienyeji kutoka Afrika Mashariki, iliyopikwa kwa nafaka za jamii ya mtama. Ndani yake akakuta aina ya hamira ambayo haijichipui kama hamira ya mkate, bali hukatika katikati ikawa mbili sawasawa. Akaipa jina la Kilatini, Schizosaccharomyces, na mwishoni akaliacha neno letu kama alivyolisikia: pombe. Hadi leo maelfu ya wanasayansi kutoka Tokyo hadi New York wanaandika "pombe" katika majarida yao, na nina hakika wengi wao hawajui wanazungumza Kiswahili. Wazee wa busaa wangefurahi kulijua hilo, ingawa sidhani lingewaongezea heshima mbele ya chifu.

Katika miaka ya 1970, kijana Mwingereza aliyeitwa Paul Nurse alikuwa Edinburgh akiichunguza hamira hiyo ya pombe. Alikuta baadhi ya seli zinajigawa mapema kabla hazijakomaa, zikabaki vijiseli vidogo. Akaziita "wee", neno ambalo Waskoti hulitumia kwa kitu kidogo. Kwa kufuata vijiseli hivyo alifika kwenye jeni iitwayo cdc2, inayoamua ni lini seli ianze kujigawa. Mwaka 1987 kundi lake likaonyesha kwamba binadamu ana jeni inayoweza kushika nafasi ya ile ya hamira ya pombe ikafanya kazi yake bila tatizo. Leo tunaiita CDK1. Kumbe kati ya mnywaji na kilichomo katika kata yake kuna undugu wa kale kuliko anavyodhani.

Wakati huohuo nchini Marekani, Leland Hartwell alikuwa akifanya kazi kama hiyo kwa hamira ya mkate, akagundua zaidi ya jeni 100 za namna hii. Naye Tim Hunt, mapema katika miaka ya 1980, akichunguza mayai ya kile kiumbe cha baharini chenye miiba ambacho wavuvi wetu wa pwani hukikanyaga kwa majuto, alikuta protini inayopanda na kutoweka, ikapanda tena na kutoweka, kila mara seli zinapojigawa. Akaiita saiklini. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001.

Saiklini na CDK hufanya kazi kama kondakta na dereva wa matatu. Dereva ameketi muda wote, injini inanguruma, lakini gari haliondoki hadi kondakta arukie mlangoni na kugonga bodi mara mbili. Likishaondoka, kondakta huyo huondolewa kabisa, na safari ijayo lazima apatikane mwingine. Njiani kuna vituo vya ukaguzi. Cha kwanza huuliza kama kuna ukubwa na chakula cha kutosha. Kingine huuliza kama nakala za DNA hazina makosa. Cha mwisho, ambacho jeni kama BUB1 na MAD2L1 ndizo askari wake, hakiruhusu kromosomu kuvutwa hadi kila moja iwe imefungwa kamba pande zote mbili. Hapo ndipo protini ya CDC20 huachiliwa ikafungua lango.

Katika saratani, ukaguzi huu umeharibika mahali fulani. Pengine makondakta wamezidi: katika saratani ya umio, kwa mfano, mara nyingi jeni ya CCND1, inayotengeneza saiklini D1, hukutwa imenakiliwa kupita kiasi. Pengine askari amekufa: jeni ya TP53, ambayo kazi yake mojawapo ni kusimamisha seli yenye DNA iliyoharibika, hukutwa na hitilafu katika idadi kubwa ya saratani za umio na za utumbo mpana. Matokeo ni seli zinazopita bila kuulizwa.

Sasa mwanapatholojia anajuaje ni seli ngapi ziko safarini? Anaweza kuzihesabu kwa macho zile alizozikuta zikivutana kromosomu. Njia hii ni ya zamani na bado inatumika. Kuna uvimbe wa ukuta wa tumbo na utumbo, ule ambao madaktari huufupisha GIST, ambao hatari yake hupimwa kwa kuangalia mahali ulipo, ukubwa wake, na idadi ya seli zinazojigawa katika eneo la milimita mraba 5. Lakini hatua hiyo ya kuvutana ni fupi mno. Ni kama kuhesabu wasafiri wa Nairobi kwa kuwatazama wale tu wanaokanyaga ngazi ya matatu wakati huo.

Hapo ndipo Ki-67 inapoingia. Mwaka 1983 watafiti wa mji wa Kiel, Ujerumani, walitangaza kingamwili inayonasa protini iliyomo katika kiini cha seli katika hatua zote za safari ya kujigawa, lakini ambayo haipatikani katika seli iliyopumzika. Ki ni Kiel. 67 ni nambari ya sampuli iliyotoa kingamwili hiyo kati ya nyingi walizokuwa wakikuza. Jina lenyewe basi ni kama anwani ya ploti: mji na nambari. Kipande cha uvimbe hugandishwa katika nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, kikapakwa kingamwili hiyo na rangi. Viini vya seli zilizo safarini huonekana vya kahawia. Vilivyopumzika hubaki vya samawati. Mtaalamu hutafuta sehemu yenye kahawia nyingi zaidi, akahesabu seli zisizopungua 500, kisha akatoa asilimia.

Kwa uvimbe wa nyuroendokrini wa mfumo wa kusaga chakula, iwe tumboni, kwenye kongosho au kwenye utumbo, hesabu hii imeingizwa katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Chini ya asilimia 3 ni daraja la kwanza. Kati ya 3 na 20 ni la pili. Zaidi ya 20 ni la tatu. Wagonjwa wa daraja la kwanza, wakichukuliwa kwa pamoja, huishi muda mrefu kuliko wa la pili, nao wa la pili kuliko wa la tatu. Kwa hiyo 15 ya jirani yangu ilimweka katikati, si mlangoni pa kaburi. Na lau familia ile ingepewa nambari ya 90 badala ya 15, kwa tafsiri waliyokuwa nayo wangechinja mbuzi washerehekee! Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Tafsiri yao haikuwa na kosa dogo. Ilikuwa kinyume kabisa, maana nambari ikipanda ndipo hatari hupanda.

Nilipomweleza kijana wangu haya kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali zuri kuliko maswali mengi ninayopata kwa wanafunzi wa uzamili: "Kwa hiyo mwalimu, tukiambiwa daraja la pili tunaambiwa mzee ataishi miaka mingapi?"

Jibu ni kwamba hawaambiwi hivyo. Na hapa nataka tukae kidogo.

Madaktari wana neno la Kigiriki, prognosis, yaani kujua kabla. Katika Kiswahili hatuna neno moja lililotulia. Nimeona "utabiri wa ugonjwa" katika baadhi ya tafsiri. Silipendi. Tabiri tumelitoa katika Kiarabu, ambako ta'bir hutumika kwa kufasiri ndoto, nasi tumelipeleka kwa nabii, kwa mpiga ramli na kwa idara ya hali ya hewa. Mtabiri husema jambo litakalokuwa. Akisema utakufa Agosti, unafaa kujiandaa kabla ya Agosti. Nimeona pia "ubashiri", ambalo ndilo nimelitumia katika kichwa cha makala haya kwa kukosa budi, kwa sababu ndilo wengi watakalolitambua. Asili yake ni habari njema. Katika Kiarabu bashir ni mleta habari za kufurahisha. Lakini muulize kijana yeyote wa mtaani leo kubashiri ni nini. Atakutolea simu akuonyeshe mechi. Neno limetekwa na kamari, na mgonjwa si mechi ya kuwekewa dau.

Pendekezo langu ni "mwelekeo". Tuseme mwelekeo wa ugonjwa, na vitu kama Ki-67 tuviite viashiria vya mwelekeo. Mwelekeo wa mto ni kushuka baharini, lakini si kila tone lifikalo. Mtu husikia mara moja kwamba anaambiwa jinsi wengi walio katika hali kama yake walivyokwenda, na kwamba yeye ni mmoja kati ya wengi hao, akiwa na umri wake, nguvu zake, hatua ugonjwa ulipofikia na matibabu atakayoyapata. Madaktari wanaijua tofauti hii barabara. Ni lugha yetu ya mkato inayoiua njiani kati ya maabara na jikoni.

Lipo jambo la pili ambalo neno zuri lingetusaidia kulitenganisha. Kiashiria kinaweza kuonyesha ugonjwa unaelekea wapi. Kinaweza pia kuonyesha dawa fulani itamsaidia nani. Haya ni mawili. Hili la pili nalipendekezea jina la kiashiria cha mwitikio. Mfano wake ni jeni ya KRAS katika saratani ya utumbo mpana: ikiwa na hitilafu, aina fulani ya dawa za kingamwili hazitamfaa mgonjwa, na hakuna haja ya kumtumilisha pesa. Wakati mwingine viashiria hivi viwili huvutana pande tofauti. Utafiti mmoja wa nchi za kaskazini mwa Ulaya, uliochapishwa mwaka 2013, ulifuatilia wagonjwa wa saratani kali za nyuroendokrini za mfumo wa kusaga chakula. Wale ambao Ki-67 yao ilikuwa chini ya asilimia 55 waliitikia dawa za platinamu kwa uchache kuliko wale waliokuwa juu. Hata hivyo, waliishi muda mrefu zaidi. Seli zinazokimbia sana ndizo zinazopigwa sana na dawa zinazowinda wakimbiaji, lakini ugonjwa wao bado ni mkali zaidi. Ukiwa na neno moja tu la "utabiri" huwezi kulieleza hili, utaonekana unajipinga.

Nirudi kwenye jeni zenyewe, maana magazeti na mitandao imejaa habari kwamba jeni mpya "inayotabiri" saratani ya ini au ya tumbo imegunduliwa. Karibu kila seli yako ina jeni zote, kama vile kila mzungumzaji ana msamiati wake wote kichwani. Lakini kwa wakati mmoja husema maneno machache tu. Kinachopimwa siku hizi ni maneno yanayosemwa, na kwa sauti ya kiasi gani. Wataalamu huita udhihirishaji wa jeni. Tangu Marekani ilipoanza mwaka 2006 mradi mkubwa wa kukusanya na kusoma jeni za maelfu ya uvimbe, mtafiti yeyote mwenye kompyuta anaweza kuuliza ni jeni zipi zina sauti kubwa kwa wagonjwa walioaga mapema. Katika saratani ya ini orodha inayotoka hufanana kila mara: CDK1, CCNB1, CDC20, BUB1, PLK1, AURKA na ndugu zao. Zote ni za kujigawa kwa seli. Zikipaza sauti, wagonjwa, kwa jumla, huishi muda mfupi zaidi.

Si uongo. Lakini mtu asihesabu kila makala kuwa ugunduzi. Jeni hizi huimba kwaya moja; seli ikijigawa zote hupaza sauti, kwa hiyo ukimsikia mmoja umewasikia wote. Mwaka 2011 watafiti watatu walichapisha kazi ambayo ningependa kila mwanafunzi wa utafiti aisome, hata wangu wa fasihi. Walichukua data ya saratani ya matiti, wakajaribu orodha za jeni zisizohusiana na saratani hata kidogo, ikiwemo ya jeni zinazobadilika mtu akicheka baada ya mlo. Orodha hiyo ya kicheko nayo ikaonekana "kutabiri" maisha ya wagonjwa! Kwa nini? Kwa sababu sauti ya kujigawa kwa seli imeenea mno ndani ya data kiasi kwamba ukichota jeni kadhaa popote, kuna uwezekano mkubwa umechota na sauti hiyo. Somo hilo linahusu matiti, lakini mtego ni uleule kwa ini na tumbo.

Kisha kuna utumbo mpana, ambao umekataa kufuata mstari. Ungedhani kwamba huko nako seli zikijigawa kwa kasi mgonjwa yuko hatarini zaidi. Tafiti zimepingana, na baadhi zimeonyesha kinyume: uvimbe wenye kasi ndogo ndio uliokuwa mbaya. Tukumbuke kwamba ngozi ya ndani ya utumbo hujibadilisha yote kwa siku chache tu hata kwa mtu mwenye afya. Kasi pale si ugeni. Seli iliyopunguza mbio pengine imejifunza jambo lingine, kama vile kuhama. Kwa hiyo kiashiria ni kama neno: maana yake hutegemea muktadha. Huwezi kuing'oa nambari katika kiungo kimoja ukaihamishia kingine.

Na tusijidanganye kuhusu hali yetu wenyewe. Saratani ya umio imezoeleka mno Bonde la Ufa na magharibi mwa Kenya. Wengi hufika hospitalini wakati hata uji haupiti. Kwa mgonjwa huyo, hakuna jeni inayoshinda swali la kale: ugonjwa umefika wapi? Umebaki ukutani, au umevuka hadi kwenye tezi na ini? Hilo ndilo linaloamua mengi, wala halihitaji kompyuta ya Marekani. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya data ninayoizungumzia imetoka kwa wagonjwa wa Marekani, Ulaya na Asia. Waafrika ndani yake ni wachache. Daktari wetu anayekataa kuzisoma jeni hizo kama kitabu cha mwisho si mshamba. Anajua sampuli yake haikuwemo.

Ninachowaomba madaktari na wauguzi, kwa unyenyekevu wa mtu asiyejua hata kushika sindano, ni sentensi moja ya Kiswahili chini ya kila nambari. Kwa Ki-67 ingetosha kuandika: "Kati ya kila seli 100 za uvimbe zilizohesabiwa, 15 zilikuwa katika hatua za kujigawa, hiki ni kipimo cha kasi ya uvimbe, si cha uwezekano wa kupona." Nimeihesabu. Ni mistari miwili. Nasi wa upande wa lugha tuna deni la kukaa nao mezani tuzikubali istilahi, badala ya kuzitunga peke yetu katika makongamano kisha tukashangaa hazitumiki wodini.

Jirani yangu alirudi kliniki mwezi uliofuata. Aliuzwa ng'ombe mmoja. Ekari ya mto haikukodishwa. Anapigwa sindano kila mwezi, na baada ya muda fulani hupigwa picha ya tumbo kuona kama kuna kilichobadilika. Madaktari wamemwambia kwamba ugonjwa wake ni wa kufuatiliwa kwa muda mrefu. Wiki iliyopita alinipigia mwenyewe. Sikusikia lolote kuhusu seli. Alitaka kujua kama mimi, niliye huko Nairobi karibu na serikali, nimesikia mbolea ya ruzuku itafika Kitale lini.